Yaliyosemwa Darasa la Tano

Mtundani, Nyamwage
8 Julai 2023

Mwalimu wangu Bi Mwanamkuu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai huko Mchukwi mguu umeanza kukubali kutembea. Sisi huku hatujambo kwa afya. Barua hii nampa Swalehe, utingo wa basi la asubuhi. Simu yangu siku hizi inashikwa na kila mtu nyumbani, na haya ninayotaka kukuuliza si ya kusomwa na kila mtu.

Shule imefunguliwa wiki hii. Nina Darasa la Tano, watoto hamsini na wawili. Tisa kati yao ni watoto wa wafugaji, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao bondeni miaka kumi iliyopita. Waliobaki ni watoto wa wakulima, watu wa hapa hapa. Wakati wa likizo, tarehe ishirini na nne Juni, ng'ombe waliingia kwenye mpunga ulioiva. Asubuhi moja tu, mashamba sita yakaisha. Watu wakatoka na mapanga. Mfugaji mmoja, Lugembe, akakatwa mkono wa kulia, na sasa amelazwa hospitali huko huko kwenu. Aliyemkata hajajulikana.

Binti yake Mhoja yuko darasani kwangu. Siku ya kwanza alipoingia, mtoto mmoja wa nyuma akalia, "Mooo!" Wakamfuata karibu darasa zima. Nikagonga meza wakanyamaza. Mhoja akaketi, akafungua daftari, akaandika tarehe kwa ule mwandiko wake mzuri, kama vile hakusikia kitu.

Mwalimu mkuu hataki tufukue. "Fundisha haki na usawa kama ilivyo kitabuni," ameniambia, "toa maswali matano, sahihisha, songa mbele." Kitabu kina picha ya watoto wawili wameshikana mikono. Wana viatu vizuri.

Kwenye ile semina ya Kibiti ulitufundisha namna ya kuzungumza na wanafunzi mambo yanayouma. Nakiri nilikuwa naandika tu ili siku iishe. Sasa nakuomba unirudie polepole, kama ulivyonifundisha Darasa la Saba. Naanzia wapi?

Mwanao,
Zuena Mtupa

*

Mchukwi
13 Julai 2023

Zuena mwanangu,

Marahaba. Mguu bado unanitawala, lakini mdomo ni mzima.

Usianze na panga. Ukianza na panga, watoto watasema yale ya baba zao. Anza na kilichopotea. Waulize: mwaka huu nyumbani kwenu kimepungua nini? Waache waseme mmoja mmoja, wa mpunga na wa ng'ombe, wala usimjibu yeyote. Andika maneno yao kwenye daftari, vile vile wanavyoyasema, usiwanyoshee Kiswahili. Mtoto akiona mkubwa anaandika maneno yake, anajipima kabla ya kusema.

Usimgeuze Mhoja kuwa balozi wa wafugaji wote. Akitaka kunyamaza, anyamaze.

Na kabla ya yote wape ahadi, na uitamke wewe mwenyewe kwa sauti: yanayosemwa humu yanabaki humu. Bila hiyo, hakuna mtoto atakayefungua kinywa, maana kila mmoja ana mkubwa anayemwogopa.

Mwisho, watakuuliza wewe uko upande gani. Watoto huuliza. Usikimbie.

Huyo Lugembe nitamtafuta wodini. Nyumba yangu na hospitali ni mwendo wa kutafuna muhogo mmoja. Mkewe kama amekuja kumuuguza, lazima ana njaa.

Na wewe hukusema: ng'ombe waliingia shamba la kwenu pia?

Mwanamkuu Kilindo

*

Mtundani
20 Julai 2023

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimefanya. Jana, vipindi viwili vya mwisho.

Nikatoa ahadi kama ulivyosema, na wao wakairudia kwa pamoja: yanayosemwa humu yanabaki humu. Nikauliza nyumbani kimepungua nini. Saadi, mvulana mwenye kigugumizi, akasema kwao walishapanga kununua bati, sasa hakuna bati. Mwingine akasema mama yake analia akisonga ugali, kwa sababu mwaka huu hakuna wali. Ikawa kama mtu amefungua bomba. Nikawa naandika mpaka mkono unauma.

Mhoja akasimama bila kuitwa. Nakunakilia alivyosema: "Mpunga wa watu umeliwa, mimi najua. Niliwaona ng'ombe wetu wanakula. Lakini njia ya kwenda mtoni kunywa maji imelimwa yote. Baba alizunguka siku mbili anatafuta pa kupita. Sasa baba hawezi hata kufunga mkanda."

Hakuna aliyelia kama ng'ombe, mwalimu. Nilitaka kuishia hapo. Laiti ningeishia hapo.

Lazima nikueleze jambo lililotokea katikati. Ijumaa polisi walimchukua Idrisa, mkulima jirani yetu. Panga lenye alama yake lilikutwa chini ya dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti tunamokaa kuamia, kufukuza ndege mpungani. Binti yake Warda ni mwanafunzi wangu. Basi Mhoja alipoketi, Saadi akasema, "Aliyekata si ameshakamatwa?" Warda akainuka kama mtu aliyechomwa.

"Baba yangu hakumkata mtu! Baba alikuwa anafukuza ng'ombe upande wa mtoni. Mimi nilikuwa juu ya dungu. Aliyechukua panga letu ni Nasibu. Nilimwona anamkata!"

Mwalimu, darasa zima likanigeukia mimi. Nikasema kipindi kimekwisha. Kengele ilikuwa bado.

Nasibu ni kijana wa hapa kijijini. Maneno ya Warda yapo kwenye daftari, niliyaandika kabla sijajua ninachoandika. Nimelifungia kabatini. Nakuuliza swali moja tu: ile ahadi inanifunga hata hapa?

Zuena

*

Mchukwi
25 Julai 2023

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nililia kidogo, kwa ajili ya huyo mtoto wa mkanda. Umefanya kazi ambayo wengi wanaizunguka mpaka wanastaafu.

Ahadi inakufunga. Warda ana miaka kumi na moja. Ukilitoa hilo daftari, kesho ataketishwa mbele ya askari, keshokutwa mbele ya hakimu, na kijiji kizima kitajua ni yeye. Huyo Nasibu ana ndugu, na ndugu wana midomo na mikono. Hatuwafungui watoto vinywa ili tuwageuze mashahidi. Nyamaza. Idrisa ataachiwa, hawawezi kumshikilia mtu kwa sababu ya panga peke yake.

Nimemwona Lugembe. Ilibidi mkono ukatwe hospitalini, chini kidogo ya kiwiko, usingepona. Madaktari wamejitahidi na jeraha ni safi. Nilimuuliza nani, akasema, "Bibi, sikuona mtu." Mtu aliyekatwa kutoka mbele anasema hakuona mtu! Anaogopa akitaja jina watamfukuza yeye na ng'ombe waliobaki. Mkewe nampelekea uji asubuhi. Ananipa maneno machache tu, lakini bakuli analiosha mpaka linang'aa.

Shikilia hapo hapo.

Mwanamkuu

*

Mtundani
3 Agosti 2023

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimeshikilia. Nanyamaza kama ulivyoniambia.

Idrisa hajaachiwa. Amepelekwa mahabusu Jumatatu. Mkewe Kijakazi alikuja ofisini amejifunga kanga kiunoni, hakutaka hata kukaa. "Mwalimu, mwanangu ameniambia uliandika. Nisomee." Nikamwambia ni ahadi niliyowapa watoto, na hata wewe mwalimu wangu umesema nisiivunje. Akaniangalia. "Mume wangu analala kwenye saruji," akasema, "wewe unaniletea ahadi?" Mwalimu mkuu akamtoa nje kwa upole.

Mchana Warda akanifuata chooni, mahali pasipo na watu.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyesema."

"Ndiyo, Warda."

"Sasa mimi mwenyewe nikitaka yatoke, hayatoki?"

Nikamwambia aende darasani. Labda wewe unalo jibu lake.

Mhoja amerudi kunyamaza. Ananitazama tu. Watoto wote wananitazama, na mimi nafundisha nikiwa nimegeukia ubao. Jana nilijaza ubao mzima mambo ambayo hakuna aliyeuliza.

Zuena

*

Mchukwi
8 Agosti 2023

Zuena binti Mtupa,

Leo sitakuanza kwa salamu.

Asubuhi nilimsomea mke wa Lugembe kipande cha barua yako, pale binti yake aliposifiwa kwa mwandiko mzuri. Nilitaka afurahi. Akatabasamu, halafu akaweka bakuli chini. Akasema, "Mwanangu aliacha kuuliza maswali shuleni. Namwambia muulize mwalimu, anasema, mama, mwalimu ni dada yake."

Dada yake nani, nikauliza.

Una ndugu wa kiume wangapi, Zuena? Nilikufundisha wewe. Nakumbuka ulikuwa unakuja shuleni umembeba mgongoni mtoto mdogo kwa sababu mama yako yuko shambani. Alikuwa anaitwa Nasibu.

"Kijana wa hapa kijijini." Ndivyo ulivyoniandikia. Nikakupa ushauri nikidhani nambebea mzigo mtoto wa miaka kumi na moja, kumbe nambebea mzigo mtu mwenye ndevu. Kwa siku kumi na nne umelala nyuma ya neno langu, na Idrisa amelala kwenye saruji.

Nilitaka kukuandikia matusi. Nikakaa na kalamu saa nzima, na badala ya matusi likaja jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwenye semina niliwaambia ile ahadi nilijifunza kwa walimu wakongwe. Uongo. Mwaka tisini na nne nilikuwa na msichana wa Darasa la Sita, Hadija. Alisimama akasema mwalimu mwenzetu mmoja anamwita nyumbani kwake jioni, na yeye hataki kwenda. Mwalimu yule ndiye aliyenitafutia nyumba ya kupanga nilipokuwa mgeni. Nikaliambia darasa: yanayosemwa humu yanabaki humu. Hapo ndipo maneno hayo yalipozaliwa. Muhula uliofuata Hadija hakurudi, na mimi sikwenda kuuliza. Miaka mingi baadaye nikayavalisha nguo nzuri nikawafundisha ninyi.

Ahadi ile inamkinga mtoto dhidi ya wakubwa. Haimkingi mwalimu. Mtoto akitaka yatoke, yanatoka. Hilo ndilo jibu la Warda, na ningelijua mapema kama ungeniambia ukweli.

Lakini bado sitaki mtoto asimame peke yake mbele ya askari. Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu wewe, si daftari: mbali na aliyoyasema Warda, wewe mwenyewe unajua nini?

Mwanamkuu Kilindo

*

Mtundani
13 Agosti 2023

Mwalimu wangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ndiyo, ng'ombe waliingia na kwetu. Shamba la kwanza kabisa. Mama alikuwa analima lile bonde tangu baba afariki. Alipofika akakuta pamekuwa tope na kinyesi, akaketi katikati ya lile tope kama mtu aliyefika nyumbani. Nasibu akamwona mama yake ameketi hivyo. Nakueleza tu alichokiona, simtetei.

Siku ile ile, saa sita mchana, nilikuwa uani. Nikamkuta Nasibu ameinama kwenye beseni anafua shati. Nasibu, ambaye hajawahi kufua hata leso! Maji yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, akasema, "Nimemkata ng'ombe." Nikataka iwe damu ya ng'ombe. Nikamwambia ondoka, hujui kufua, nikachukua sabuni. Nilifua mimi, mwalimu. Nilifua, nikasuuza mara tatu, nikaanika kwenye jua. Jioni habari za Lugembe zikafika, na shati lilikuwa limeshakauka. Nikalikunja.

Ndilo ninalolijua. Hakuna mtoto aliyeniambia.

Nyumbani hatujalisema hata siku moja. Nasibu ananichotea maji ya kuoga kabla sijaamka. Nyama ikipikwa, ananipa kipande kikubwa. Mama ameleta mkeka wake anaswali mlangoni kwangu, eti kuna hewa. Kijakazi alipotoka ofisini kwetu, habari zilimfika mama kabla mimi sijafika nyumbani. Akaniambia, "Shule inakulipa mshahara. Mimi nilikulipa nini mpaka ukawa mtu?" Halafu akachukua simu yangu, akaiweka kifuani, na mpaka leo iko huko.

Nikisema, mdogo wangu niliyembeba anakwenda jela na mama anabaki bila mtu wa kumlimia. Na mimi mwenyewe nilificha, wanaweza kunishtaki, nikapoteza kazi. Nisiposema, kila asubuhi nahesabu mahudhurio nafika jina la Warda. Nimeomba uhamisho, nimeambiwa nisubiri mwakani. Nikikaa darasani nabanwa, nikirudi nyumbani nabanwa, na barabarani Kijakazi anauza maandazi akinitazama.

Niambie nifanye nini.

Zuena

*

Mchukwi
16 Agosti 2023

Zuena,

Marahaba.

Sikuambii. Mara ya mwisho nilikuambia, na uliona.

Ila ujue kwamba ukisema la shati, hakuna atakayehitaji kumuuliza Warda. Na nikiwa hai hutasimama peke yako.

Mwanamkuu

*

Mtundani
27 Agosti 2023

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikuwa na meza.

Nilikwenda Ijumaa ya tarehe kumi na nane, wakati watu wako msikitini. Nilipanda bodaboda mpaka kituo cha polisi, nikamwambia dereva asinisubiri, nilijua nikimwona pale nje nitageuka. Askari alidhani nimekuja kuripoti kupotelewa na simu. Nikamweleza la shati tangu mwanzo. Akaandika, akanisomea, akaniuliza, "Una uhakika ulifua wewe?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine aliyeona. Nikasema mimi nasema nililoliona mimi. Nikaweka sahihi.

Walimkamata Nasibu siku ile ile, shambani, anachoma majani. Hakukimbia. Shati walilikuta kwenye sanduku la mama, nilivyolikunja. Nimeambiwa Nasibu alikiri kabla hawajafika kituoni, na jambo la kwanza aliloomba ni kwamba nisishtakiwe. Hilo ndilo linaloniamsha. Mpaka sasa sijashtakiwa. Nimekatazwa kutoka nje ya wilaya bila ruhusa, mimi ni shahidi.

Idrisa ametoka Jumatano. Amekonda. Alikuja shuleni kumleta Warda mwenyewe, akanipa salamu kutoka mbali, mkono kifuani, akaondoka. Kijakazi hajanisalimia. Simlaumu. Jina la Warda halikutajwa popote.

Darasani nilifanya ulilosema kwenye barua ya kwanza, lile la kutokimbia. Niliwaambia: aliyemkata baba yake Mhoja ni mdogo wangu, na mimi nilijua kabla yenu. Nikawaambia pia kwamba nilikosea juu ya ahadi yetu, kwamba mtoto akitaka maneno yake yatoke, ni yake. Saadi akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo wewe uko upande gani?" Nikasema mpunga wetu uliliwa na nilikasirika, bado nimekasirika, na mkono wa mtu haukupaswa kukatwa, na mtu asiye na kosa hakupaswa kufungwa. Nikasema nayashika yote matatu na ni mazito. Mhoja akainua mkono. Nikajiandaa. Akauliza kama kesho kuna mtihani wa hisabati.

Nalala stoo ya shule, kati ya madawati mabovu. Mwalimu mkuu ameruhusu mpaka mwisho wa mwezi tu. Nyumbani nilirudi jioni ile nikakuta nguo zangu zimefungwa kwenye shuka, ziko nje, zimepangwa vizuri.

Sasa nikueleze la juzi, ndilo lililonifanya niandike. Nilikuwa nafundisha sehemu, nusu na robo. Mlango ukafunguka, mama akaingia. Watoto wakasimama wakamwamkia. Akawaitikia vizuri tu. Akasema, "Nimekuja kumsikiliza mwanangu." Akaketi kwenye kiti changu, mbele, akiwatazama watoto, mimi kanipa mgongo. Nikaendelea. Nikachora duara nikaligawa, nikauliza maswali, wakajibu kwa sauti ndogo. Nilifundisha mpaka kengele ikalia nikiangalia kisogo cha mama yangu, na mvi ambazo Juni hazikuwepo.

Watoto walipotoka akainuka. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Akasema, "Lile baibui langu jeusi unalo?"

"Ninalo, mama."

"Nirudishie. Siku ya kesi usiende kusema umevaa nguo yangu."

Nikaenda stoo, nikamletea. Akalikagua mshono, akalikunja, akalibana kwapani. Akaniwekea simu yangu juu ya meza. Akaondoka kwa njia ya bondeni, polepole, bila kugeuka.

Kesi itaanza kusikilizwa tarehe tano Septemba. Naambiwa nitasimama wa kwanza, na mama atakuwepo, amekaa upande wa Nasibu. Nitavaa gauni langu la kazini. Ulisema sitasimama peke yangu. Mguu wako najua, na basi lina vumbi, lakini naomba uje. Swalehe atakushikia kiti cha mbele. Keti mahali nitakapokuona nikiinua uso.

Zuena